UZI: Phaethon, mwana wa Jua. Kilichomuua ni ukaidi wa mtoto au ahadi ya baba?

#1 Mleta uzi

Salaam wakuu. Kisa hiki nimekibeba moyoni miaka mingi na leo nakitua hapa jukwaani. Ni kisa cha Wagiriki wa kale kuhusu Helios, mungu wa jua, na mwanawe Phaethon aliyeomba aendeshe gari la jua kwa siku moja tu. Wengi wanaokisimulia hukimalizia kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu": baba kaonya, mtoto kakaidi, mtoto kafa. Mimi kila nikikirudia naona methali hiyo imewekwa pasipo pake. Methali ya kisa hiki ni "ahadi ni deni". Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nafuata zaidi masimulizi ya Ovid, mshairi wa Roma, katika Metamorphoses, mwishoni mwa kitabu cha kwanza na karibu nusu ya kitabu cha pili. Aliyaandika kwa Kilatini, na mnamo mwaka 8 baada ya Kristo mfalme Augustus akamfukuza Roma, akapelekwa Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, Romania ya leo, na huko ndiko alikofia.

Kisa kinaanza kwa tusi la watoto. Phaethon, jina lenye maana ya "anayeng'aa", alilelewa Ethiopia katika nyumba ya mfalme Merops, mume wa mama yake Klymene. Ethiopia ya Wagiriki haikuwa nchi ya leo yenye mji mkuu Addis Ababa. Ilikuwa jina la nchi zote za kusini mwa Misri hadi pale walipodhani jua linachomozea. Mama alimwambia kijana kwamba baba yako ni lile jua unaloliona. Kijana akalishika neno hilo na kujivunia. Siku moja rika lake Epaphus, ambaye baba yake alikuwa Zeus mwenyewe, mfalme wa miungu, akachoka na majivuno hayo akamwambia: wewe mjinga, unaamini kila anachokwambia mama yako, umevimba kwa baba wa kubuni.

Phaethon hakujibu. Ovid anasema aliona haya, uso ukawaka, hasira akaimeza. Akaenda kwa mama yake akamwambia kinachoniuma ni kwamba nimeambiwa vile na nikashindwa kujibu. Kama kweli mimi ni mwana wa mungu, nipe alama.

Klymene akainua mikono yote miwili kuelekea juani. Akaapa kwa mwanga ule unaowaona na kuwasikia kwamba huyo ndiye baba yako, na kama nasema uongo basi leo iwe siku ya mwisho macho yangu kuliona jua. Kisha akamwambia: kwake si mbali, anapochomozea ni mpakani na nchi yetu. Nenda ukamuulize mwenyewe.

Kijana akaondoka siku hiyohiyo, akapita nchi yake, akapita Uhindi, akafika. Nitaendelea hapa chini.

#2 Mchangiaji

Tupo mkuu, nimekaa mbele kabisa. Swali dogo kabla hujaendelea: mungu wa jua wa Wagiriki si Apollo?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, nalijibu haraka. Mwanzoni walikuwa wawili mbalimbali. Helios ni wa ukoo wa Titan, mwana wa Hyperion na Theia, ndugu yake Selene mwezi na Eos alfajiri. Apollo alikuwa na mambo yake ya muziki, uaguzi na upinde. Baadaye watu waliwachanganya, hata Ovid anamwita baba wa Phaethon kwa jina la Phoebus ambalo pia ni la Apollo. Lakini waliomwabudu Helios hasa, watu wa kisiwa cha Rhodes, walimjua vizuri. Sanamu kubwa ya Rhodes, ya shaba, yenye urefu wa mita thelathini na ushei, ilikuwa sanamu ya Helios.

Sasa turudi kwa kijana. Jumba la Jua lina nguzo ndefu, dhahabu inawaka, milango ya fedha imechongwa na fundi wa miungu: bahari, nchi, mbingu, zote mle. Ndani amekaa baba, joho la zambarau, kiti kinametameta zumaridi. Kulia na kushoto wamesimama Siku, Mwezi, Mwaka na Karne, na Saa zimepangwa kwa nafasi sawa. Masika kavaa taji la maua, Kiangazi yuko uchi na masuke kichwani, Vuli kachafuka kwa zabibu zilizokanyagwa, Kipupwe mvi zimemsimama.

Kijana akasimama mbali. Hakuweza kusogea, mwanga ulimzidi. Baba akamwona na kumwita "mwanangu". Kisha akafanya jambo ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo: akavua taji la miali kichwani, akaliweka chini, akamwambia sogea, akamkumbatia.

Wakuu, hapo ndipo kisa kilipaswa kuisha. Kijana alikuja kuuliza swali moja na alikuwa amejibiwa mara mbili, kwa neno na kwa kumbatio.

Lakini baba akaongeza. Akasema: ili usiwe na shaka yoyote, omba zawadi unayotaka, nitakupa, na shahidi yangu ni kile kinamasi ambacho miungu huapia. Hicho ni Styx, mto wa kuzimu. Mungu akiapa kwa Styx harudi nyuma, hata Zeus. Na yeye aliapa kabla ya kusikia ombi.

Kijana akaomba gari la baba na farasi wake kwa siku moja.

Baba akatikisa kichwa mara tatu, mara nne. Akasema: neno lako limelifanya langu kuwa la kijinga. Natamani ningeweza kuvunja ahadi. Akaanza kumsihi. Hata Zeus mwenyewe hawezi kuliendesha gari hili. Njia ya asubuhi ni mlima, farasi wanaipanda kwa taabu wakiwa hawajachoka. Katikati ni juu sana, mimi mwenyewe nikitazama chini bahari na nchi moyo unanidunda. Jioni ni mteremko mkali. Na mbingu yote inazunguka kinyume chako. Unadhani huko kuna miji na mahekalu? Kuna wanyama. Utapita kwenye pembe za Thauri, upinde wa Kausi, mdomo wa Asadi, Akarabu anayekunja mikono huku na Saratani anayekunja kule.

Waliokulia pwani au waliowahi kukaa na wazee wa falaki wanayajua majina hayo. Ni buruji zilezile za mabaharia wetu, yaani makundi ya nyota.

Halafu baba akasema neno ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa kizima. Unataka uthibitisho kwamba wewe ni damu yangu? Uthibitisho ni hofu yangu. Nitazame usoni. Laiti ungeweza kuingiza macho yako kifuani mwangu ukaona wasiwasi wa baba ulivyo humo.

Kijana hakusikia. Na baba alikuwa ameapa.

#4 Mchangiaji

Naomba niseme kidogo kama mama. Nimelea mtoto peke yangu, na swali la "baba yuko wapi" nililisikia tangu akiwa na miaka minne. Klymene analaumiwa sana na watu kwamba ndiye aliyemtuma mtoto kwenye kifo. Mimi naona alifanya lililo gumu kuliko yote: alimwambia nenda ukamuulize mwenyewe. Hakumficha, wala hakumpaka baba matope. Mtoto akishatukanwa mbele ya wenzake, neno la mama peke yake halimtoshi tena, hata mama aape vipi. Endelea kaka.

#5 Mleta uzi

Dada, umesema jambo ambalo sikuwahi kulipa uzito wake. Ahsante sana.

Naendelea. Gari lenyewe: ekseli ya dhahabu, mti wa kulivutia gari ni wa dhahabu, mzingo wa magurudumu dhahabu, mataruma ya fedha. Farasi wanne, na Ovid anawataja: Pyrois, Eous, Aethon na Phlegon. Karibu majina yote ni ya moto na alfajiri. Eos akafungua milango ya mashariki, nyota zikaondoka. Baba akampaka mwanawe usoni dawa takatifu ili moto usimuunguze, akamvika ile miali kichwani na kuhema kwa huzuni. Akampa maneno ya mwisho: mjeledi uweke kando, hatamu zishike kwa nguvu, wanakimbia wenyewe, kazi ni kuwazuia. Fuata alama za magurudumu yangu, utaziona. Ukipanda sana utaunguza mbingu, ukishuka sana utaunguza dunia, katikati ndiko utakakopita salama kabisa. Na kama bado unaweza kubadili nia, chukua ushauri wangu, acha gari langu.

Kijana tayari alishapanda, anashukuru.

Sasa sikilizeni hapa. Farasi walipoondoka, kosa la kwanza halikuwa la mkono wa kijana. Walihisi mzigo mwepesi. Nira haikuwa na uzito waliouzoea. Ovid anafananisha na jahazi: kama vile vyombo visivyo na uzito wa kutosha vinavyoyumba baharini kwa wepesi uliozidi, ndivyo gari lilivyoruka hewani kama tupu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Nikiwa na miaka tisa nilipanda naye chombo, wakashusha boriti zote, na kabla ya kurudi mabaharia wakashinda asubuhi nzima wakibeba mchanga kwenye vikapu na kuumwaga ngamani. Nikamuuliza babu kwa nini tunabeba mchanga, nani ananunua. Akanionyesha chombo jirani kilichokuwa kimeelea juu juu kama kifuu cha nazi, kila wimbi linakilaza ubavu. Akasema kile hakijatia farumi. Basi niliposoma mistari ile ya Ovid, mtu wa Roma ya miaka elfu mbili iliyopita, nilimwona babu na kikapu chake. Phaethon alipanda bila farumi. Hakuna maelekezo ya baba yanayoweza kumpa mtoto wa kibinadamu uzito wa mungu.

Farasi wakajua. Wakaacha njia. Kijana hajui avute wapi, na hata angejua wasingemtii. Akatazama chini, nchi iko mbali mno, magoti yakalegea, giza likamjia machoni katikati ya mwanga wote ule. Hapo akatamani asingewahi kugusa farasi wa baba, akatamani aitwe mwana wa Merops tu. Nyuma ameacha mbingu nyingi, mbele kuna nyingi zaidi, anazipima zote mbili kwa macho. Hata majina ya farasi hayajui.

Kisha akamwona Akarabu. Nge mkubwa aliyetapakaa nafasi ya buruji mbili, jasho jeusi la sumu, mkia umeinuliwa kuchoma. Damu ikamganda, akaachia hatamu.

Hatamu zilipolegea migongoni mwao, farasi wakaenda watakako. Mara juu kwenye nyota, mara chini karibu na ardhi hadi Mwezi akashangaa kuona farasi wa kaka yake wanapita chini ya wake. Milima ikashika moto: Athos, Taurus, Ida, Helikon, Etna ikawaka moto juu ya moto, Parnassus, Olympus. Miji ikateketea na watu wake. Libya ikakauka ikawa jangwa. Mito ikachemka. Nili akakimbia kwa hofu hadi mwisho wa dunia akaficha kichwa chake, na midomo yake saba ikabaki mabonde ya vumbi.

Mwisho Ardhi mwenyewe, uso umejaa majivu, akapaza sauti kwa Zeus: kama nastahili hili, radi zako zinangoja nini? Haya ndiyo malipo yangu ya kubeba majeraha ya jembe mwaka mzima, kulisha mifugo, kuwapa binadamu nafaka na ninyi miungu ubani? Zeus akapanda juu. Mawingu hakuna, mvua hakuna. Akachukua radi, akaipima sikioni, akamtupia dereva.

#6 Mchangiaji

Mleta uzi, nimesoma kwingine kwamba hapo pia ndipo Wagiriki wanasema Waethiopia walikuwa weusi kwa kuunguzwa. Umepita bila kulitaja. Linanikera.

#7 Mleta uzi

Uko sahihi ndugu yangu, nililiruka na sikupaswa. Ndivyo ilivyoandikwa: joto lilivuta damu juu ya ngozi, watu wa Ethiopia wakawa weusi. Neno lenyewe la Kigiriki, Aithiops, linaeleweka kwa kawaida kuwa na maana ya uso uliounguzwa. Mtu wa kaskazini aliangalia ngozi yake akaifanya ndiyo ya asili, ya mwingine akaitafutia ajali. Elimu ya leo inasema kinyume. Binadamu wote asili yetu ni Afrika, ngozi nyeusi ilikuwa kinga dhidi ya jua kali, na ngozi nyeupe ndiyo iliyokuja baadaye kwa waliohamia kwenye jua hafifu. Kama kuna aliyebadilika, si sisi.

Lakini tuwatendee haki pia. Kwa Homer, mshairi wa Wagiriki karne nyingi kabla ya Ovid, Waethiopia ni watu wasio na lawama, na Zeus na miungu wote huenda kwao karamuni siku kumi na mbili. Dharau haikuwa kwenye kila kitabu.

Na kuna kingine kinachotugusa zaidi. Ovid anasema Nili alificha kichwa chake "na hadi sasa kimefichika". Kwa watu wa Roma chanzo cha Nili kilikuwa fumbo, na kisa cha Phaethon kikawapa sababu. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Ziwa Victoria upande wa Mwanza mwaka 1858, na mwaka 1862 akafika mto unapotokea karibu na Jinja, Uganda. Waliokuwa wakiishi kando ya ziwa hilo, wakilivua na kulipa majina yao, hawakuwahi kuona kichwa kimefichika. Na ukienda Rutovu, kusini mwa Burundi, kwenye chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nili, utakuta piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, imeandikwa kwa Kilatini *Caput Nili*, kichwa cha Nili. Caput ni neno lilelile alilotumia Ovid.

#8 Mchangiaji

Naheshimu uzi lakini sikubaliani na hoja yako kuu. Kijana alisihiwa. Alionywa juu ya njia, wanyama, farasi. Baba alimwambia hadi sekunde ya mwisho shuka. Mtu mzima akionywa hivyo akapanda, lawama ni yake. Tukianza kuwalaumu wazazi kwa kila kitu hatutalea watoto.

#9 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu. Naomba nianze na Euripides, maana yeye aliandika tamthilia nzima ya Phaethon zaidi ya miaka mia nne kabla ya Ovid. Ilipotea. Imebaki vipande vipande, na vingine vimepatikana mahali pa ajabu: kwenye nakala ya kale ya nyaraka za Mtume Paulo iliyoko Paris. Ngozi ilikuwa ghali, mwandishi akafuta maandishi ya zamani na kuitumia tena, na chini ya Paulo maneno ya Euripides yakabaki yanasomeka.

Kwa Euripides, ahadi ni ya zamani kuliko mtoto. Helios alimwahidi Klymene kitu kimoja, chochote, siku walipolala pamoja. Mtoto hajazaliwa na tayari anadaiwa zawadi. Kisha katika kipande kingine, baba hakubaki nyumbani. Alipanda farasi mwingine akamfuata mwanawe nyuma, anapiga kelele: elekea huku, geuza gari, huku! Huyo baba wa Euripides namwelewa zaidi. Ameshindwa kukataa lakini hakumwacha.

Wa Ovid alibaki.

Sasa lingine, na hili ni langu. Nililelewa na mume wa mama. Mtu mwema, alinilipia ada, sina la kumlaumu, na wazee wetu walishasema kitanda hakizai haramu. Shuleni niliitwa jina nisilopenda kuliandika hapa. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilimfuata baba mzazi kwenye mji mwingine. Nilipanda basi usiku, nikafika dukani kwake asubuhi, na moyo unapiga mpaka nausikia kwenye meno. Alinijua kabla sijajitambulisha. Akainuka. Halafu akatoa kijitabu kwenye mfuko wa shati, na kalamu, akafungua ukurasa mtupu, akasema: haya sema, unahitaji nini? Chochote.

Nilitaja pikipiki. Sikuwa nimekwenda kwa ajili ya pikipiki. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya ukurasa mtupu na kalamu inasubiri, na kijana wa miaka kumi na tisa hajui kusema "kaa na mimi hapa mpaka jioni".

Alininunulia. Niliiangusha mwezi wa pili na mguu wangu wa kushoto una vyuma hadi leo.

Kwa hiyo mkuu, nakubali Phaethon alionywa. Lakini angalia mpangilio. Onyo lilikuja baada ya kiapo. Aliyeapa kabla ya kuuliza "unataka nini, na kwa nini" alishamaliza mamlaka yake ya ubaba, akabaki na kusihi tu. Na kijana alichokuja nacho kilikuwa swali, zawadi alitafutiwa na baba. Baba aliyekosekana miaka yote alitaka kulipa yote siku moja. Ndiyo maana nasema ahadi ndiyo iliyoua, na radi ilimalizia.

#10 Mchangiaji (aliyeandika #8)

Pole sana kaka. Nimeisoma mara mbili. Bado naona kijana ana sehemu yake, ila nakubali kwamba onyo baada ya kiapo si onyo la kweli.

#11 Mchangiaji

Mimi ni mpenzi wa anga, naongeza la upande wangu. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS iligundua asteroidi ambayo ikapewa namba 3200 na jina Phaethon. Upana wake ni kilomita tano hadi sita hivi, inazunguka jua kwa takriban siku 524, na katika mzunguko wake hulisogelea jua hadi kilomita milioni 21, ndani kabisa ya njia ya sayari Zebaki. Ndiyo sababu ya jina. Vumbi lake ndilo linaloleta vimondo vya Jauza, kundi la nyota la Mapacha, kila Disemba, kilele usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Ukiwa Afrika Mashariki, Jauza hupanda mashariki mapema usiku, na ikifika saa nane usiku iko juu kabisa. Zima taa, lala chali uwanjani, subiri macho yazoee giza. Ovid si anasema kijana alianguka kama nyota?

#12 Mleta uzi

Ndivyo hasa. Nywele zinawaka, anaanguka na mstari mrefu hewani, kama nyota ambayo wakati mwingine katika anga safi, hata kama haikuanguka, huonekana kama imeanguka. Mto Eridanus ukampokea, mbali na kwao, na ukaosha uso wake unaofuka moshi. Eridanus watu waliuhesabu kuwa mto Po wa kaskazini mwa Italia. Binti za maji wa huko wakamzika na kuandika kaburini kwamba hapa amelala Phaethon, dereva wa gari la baba yake, na kama hakuweza kulishika, basi alianguka akijaribu jambo kubwa. Wageni ndio waliomwandikia.

Klymene alizunguka dunia nzima akitafuta kwanza mwili, kisha mifupa. Akaikuta imezikwa ugenini. Akalala juu ya jiwe, akalilowesha jina lake kwa machozi. Dada zake, Heliadi, walilia miezi minne, mpaka siku moja mmoja akataka kukaa chini akakuta miguu imekakamaa, mwingine akashika nywele zake akang'oa majani. Wakawa miti, mipopla, kando ya mto. Mama akakimbia huku na huku akijaribu kuwabandua magamba, damu ikatoka, na wao wakamsihi: mama acha, unachana mwili wetu. Kisha gamba likafunika midomo. Machozi yao yakaendelea kutoka, yakagandishwa na jua yakawa kaharabu.

#13 Mchangiaji

Hapo kwenye kaharabu mmenigusa, niko Mombasa. Marehemu babu alikuwa na tasbihi ya kaharabu, punje za manjano kama asali, moja ina kidudu ndani, mbawa zinaonekana. Tulipokuwa wadogo alikuwa akiisugua kwenye kanzu kisha anaisogeza kwenye vipande vya karatasi, vinaruka vinaganda. Tukidhani ni karama yake.

#14 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, ile haikuwa karama ya babu pekee, na wewe uliishika mkononi. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale sana ulioganda. Ile maarufu ya Ulaya ilitoka pwani ya Baltiki, ikasafirishwa kwa njia za biashara hadi kaskazini mwa Italia, karibu na mdomo wa mto Po. Wagiriki waliopata bidhaa hiyo upande ule walikuwa na sababu ya kuwapanda Heliadi kwenye kingo zake. Kwa Kigiriki kaharabu ni *elektron*. Kwa hiyo mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert, alipoandika juu ya vitu vinavyovuta vijipande vikisuguliwa, alitumia neno lililotokana na kaharabu, na ndimo yalimozaliwa majina ya umeme ya Ulaya na elektroni tunayoisoma shuleni. Neno letu kaharabu nalo limetoka Kiajemi kupitia Kiarabu, maana yake kinyakua-makapi, yaani kilekile alichowaonyesha babu. Na Mwarabu wa leo akitaka kusema umeme anasema *kahraba*. Lugha mbili zisizo ndugu, zote zimekwenda kuutafuta umeme kwenye machozi yale.

#15 Mchangiaji

Na baba je? Umetaja mama, dada, wageni. Helios alifanya nini baada ya hapo?

#16 Mleta uzi

Nilikuwa nalikwepa swali hili mkuu.

Helios alifunika uso. Wanasimulia kwamba siku moja nzima ilipita bila jua, na watu waliona kwa mwanga wa ile mioto iliyokuwa bado inawaka. Aliuchukia mwanga, akajichukia na mwenyewe. Akasema nimechoka, kazi hii tangu mwanzo wa dunia haina mwisho wala heshima. Aendeshe mwingine. Aendeshe Zeus, ili walau akiwa ameshika hatamu zangu aweke chini zile radi zinazowanyang'anya baba watoto wao. Atajua mwenyewe nguvu za farasi wale, na atajua kwamba aliyeshindwa kuwaongoza hakustahili kufa.

Miungu wote wakamzunguka wakamwomba asiiache dunia gizani. Zeus akaomba radhi kwa kutupa radi, na kama wafalme wafanyavyo, kwenye maombi akaongeza vitisho.

Basi Helios akaenda kuwakusanya farasi. Walikuwa bado wamepagawa na wanatetemeka kwa hofu. Akawafunga. Kisha akachukua ule mjeledi aliomwambia mwanawe auweke kando, akawapiga, akawapiga sana huku akiwatajia jina la mtoto na kuwaambia ninyi ndio mliomuua.

Mistari inayofuata inamhusu Zeus, anakagua kuta za mbingu kuona kama kuna palipobomoka kwa moto.